Mguu wa Kuongezewa

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Leo nimepanda gari mwenyewe! Bila kushikwa na mtu. Nimejivuta mlangoni kwa mikono miwili na mguu mmoja, abiria wakabaki midomo wazi, konda akasema guka, yaani babu, wewe ni simba.

Uongo. Hakuna aliyesema simba. Nilibebwa. Makanga wawili, mmoja kwapani, mwingine ameukumbatia mguu uliobaki kama anayeogopa na huo utapotea. Walinipandisha kama kochi linalohama nyumba. Mmoja akamwambia mwenzake, inamisha kichwa chake, mlango ni mfupi. Chake! Na mimi niko hapo hapo nasikia. Kiti changu cha magurudumu kikarushwa juu ya keria pamoja na kuku.

Na baada ya hayo yote sikufika popote. Section 58, mtaani kwangu, hadi mjini, basi. Mjini nikaomba gari za Njoro. Ya kwanza: kiti hicho ni mzigo, na mzigo hauna nafasi. Ya pili: kiti kitakalia nafasi ya watu wawili. Ya tatu dere aliniangalia tu akafunga dirisha, kama nimekuja kumuuzia soksi. Nikarudi nyumbani na njaa yangu.

Naandika kwa sababu humu ndani hakuna wa kugombana naye. Mke wangu, jina lake Wangu, yuko Njoro kwa binti yetu Wariara tangu stroki imwangushe mwezi wa sita. Alianguka akinikorogea uji. Na mimi, mguu wa kulia sukari ilikuwa imeshauchukua tangu Machi, sikuweza hata kumwinua. Nilikaa kwenye kiti nikiita majirani.

Stroki ikaenda na maneno yake yote. Mwanamke aliyenitukana tangu siku ya harusi bila kuvuta pumzi — kimya! Kwa Wariara kuna chumba kimoja cha ziada, nacho ni cha mama yake. Na mimi kigutu changu bado kinafungwa bandeji hapa kliniki. Zamani Kemboi, mume wa Wariara, alikuwa ananichukua na pikapu. Pikapu imeuzwa. Tangu Julai sijamwona Wangu.

Jumanne, 2 Septemba

Maajabu! Chai yote imemwagika.

Wariara amepiga simu. Baba, mama amesema neno! Moja tu, lakini wazi kabisa. Nikauliza, amesema Yesu? (Wangu ni wa Woman's Guild ya kanisa, kitambaa kichwani na kila kitu.) Wariara akasema hapana Baba, si Yesu. Ni neno gani basi? Aki Baba usikasirike. Sema mtoto! Akasema — mjinga.

Mjinga!

Nilicheka, kisha nikaona machozi yameingia kwenye ndevu. Ni mimi! Hicho cheo katika nyumba hii hakina mwingine. Wariara anasema baada ya kulisema aliangalia mlango. Akaangalia tena. Anatafuta mjinga yuko wapi.

Yule msichana wa hospitali anayekuja kumfundisha kuongea amesema basi huyo anayeitwa mjinga aletwe. Akae naye, amchokoze, wabishane. Neno likitoka moja, mengine yako nyuma yake kwenye foleni. Lakini asikawie, yanaweza kurudi ndani.

Simu haifai. Wariara alimwekea simu sikioni nikaita, Wangu! Mama Wariara! Akaisukuma ikaanguka chini ya kitanda. Sauti isiyo na mtu inamtisha.

Nimesema aambiwe mjinga anakuja. Si Jumapili hii, ile nyingine. Kwa njia gani, sijui. Nimeshasema.

Alhamisi, 4 Septemba

Leo nimeona basi ikitoa ulimi.

Sijalewa. Kibii ni shahidi. Kibii ni jirani yangu, askari mstaafu, sikio moja limekufa, ndiye hunisukuma. (Ni kweli Kibii hushuhudia chochote ukimnunulia chai, lakini hii ameona.) Tumefika steji tukakuta basi mpya ya kijani, Korongo Line, nailoni bado kwenye viti. Sakafu yake iko chini karibu ilambe lami. Tukakaribia. Chuma kikalia chini ya mlango na ubao mrefu ukachomoka, ukashuka mpaka chini. Kibii akaruka nyuma kama amekanyaga nyoka! Makanga wakacheka. Wakasema huo ndio ulimi, guka, ni wa watu kama wewe.

Nikapanda. Mwenyewe! Hii sasa si uongo. Magurudumu yakateleza ndani taratibu, nikafika mahali palipochorwa mtu ameketi kwenye kiti kama changu. Nafasi yake, mkanda wake, kioo kirefu mpaka karibu na sakafu. Nilishangaa mpaka nikakosa la kusema, na Kibii atakwambia hilo halijatokea tangu tujuane.

Kulikuwa na msichana anaitwa Sue, wa mambo ya matangazo, na mpiga picha. Akasema mzee una uso mzuri sana, una uso wa kuaminika. Nikamwambia mke wangu angetaka kusikia hiyo. Wakanivalisha tai, wakanipiga picha. Kisha wakanihamisha kwenye kiti cha kawaida cha basi, ati kiti changu kinaleta kivuli. Wakapiga tena. Sue akauliza jina. Nikamwambia kwa mzaha andika Mzee Haachwi. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akaandika.

Mwishoni akanishika mkono. Mzee, tuna deni lako. Nikasema nitalidai.

Basi itaanza kazi Alhamisi ijayo. Section 58, mjini, mpaka Njoro. Mpaka Njoro! Inapita mbele ya nyumba ya Wariara kabisa, chini ya dirisha la Wangu. Kumbe Mungu naye ni fundi wa barabara.

Alhamisi, 11 Septemba

Kibii amekuja akipiga kelele tangu langoni. Jamleck! Toka nje! Uko barabarani, umekuwa mkubwa kuliko nyumba!

Amenisukuma mbio. Ni kweli. Basi nzima, upande wa mlango — ni mimi. Uso wangu kama tangi la maji. Meno yangu matatu, kila moja kama mlango. Na maandishi: MZEE HAACHWI. Watu wanasoma kwa sauti. Mama mmoja wa mboga akasema kumbe ni wewe, hata ni kama una sura! Nilijisikia chifu.

Halafu nikaangalia chini.

Ngai, Mungu wangu! Nina miguu miwili!

Nilijishika kwanza. Haki ya Mungu nilipeleka mkono chini ya goti nione kama umerudi bila kuniambia. Hakuna kitu. Lakini kwenye basi upo, umenyooka, suruali imepigwa pasi, kiatu cha rangi ya kahawia kinang'aa. Sijawahi kuwa na kiatu kama hicho hata nikiwa na pa kukivalia.

Kibii akainama, akafunga jicho moja. Akasema Jamleck, hiyo miguu yote miwili ni ya kushoto. Angalia ncha za viatu zinakoelekea. Kweli! Wamechukua mguu wangu wa kushoto, wakauvisha kiatu kipya, wakaupanda tena upande wa kulia. Tulicheka mpaka kiti kikaanza kuteremka chenyewe na Kibii akakikimbilia.

Jioni kicheko kimekwisha. Namfikiria yule mzee wa basi. Anaonekana mtu wa raha. Nimemwonea wivu.

Jumapili, 14 Septemba

Sijafika.

Nilivaa shati jeupe na tai. Nikanyoa ndevu. Kibii akanifikisha steji mapema, tukangoja. Basi ikaja, mimi mwenyewe ubavuni nikijichekea. Konda ni kijana anaitwa Kipngetich, miwani nyeusi, mswaki mdomoni. Nikaangalia ndani — ile nafasi yenye mchoro wa kiti imejaa magunia ya chakula cha ng'ombe mpaka juu. Na ulimi uko nje, mtu anapitisha gunia lingine na mkokoteni!

Nikamwambia konda, hiyo nafasi ni yangu.

"Hiyo ni ya walemavu, buda."

"Na mimi ni nini, mcheza mpira?"

"Gunia zinaenda Njoro, zimeshapanda. Ngoja ingine."

"Kijana, mimi ndio Mzee Haachwi! Angalia ubavu wa gari lako!"

Akashuka. Alitoa miwani hata. Akaangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia picha. Nikamwonyesha meno matatu ili asipate shida. Akatikisa kichwa.

"Yule ana miguu miwili."

"Waliniongezea!"

"Mzee, watu hukatwa miguu. Sijasikia mtu akiongezewa." Akagonga bati. "Twende, dere!"

Kibii akamwita mtoto wa nyoka, lakini kwa sababu hasikii vizuri alimwambia mtu mwingine, abiria wa kawaida, nusura tupigwe. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakimbilia mlango akaambiwa Mzee Haachwi imejaa. Hilo ndilo jina la basi sasa. Imejaa! Ikang'oa nanga, uso wangu ukapita karibu na uso wangu, mkubwa, unacheka.

Nimeachwa na Mzee Haachwi.

Nilimwambia Wariara amwambie mama yake gari zimesumbua. Alisema sawa Baba. Alisema kwa sauti ambayo sikuipenda.

Jumatatu, 15 Septemba

Hii sikuitegemea.

Wariara amepiga akilia. Tangu Alhamisi mama yake anakaa dirishani. Anapenda pale, anaangalia ng'ombe wakipelekwa na watoto wa shule. Basi inapita. Mara nyingi kwa siku. Na mimi niko ubavuni, tai, meno, na miguu miwili!

Mara ya kwanza alicheka, anasema Wariara, alipiga kioo na ule mkono mzima. Mara ya pili aliangalia vizuri. Jana Wariara alipomwambia mjinga anakuja, alivishwa kitambaa kizuri akangoja. Basi ikaja, ikapita. Haikusimama. Akasema neno la pili.

Mguu.

Wariara alidhani mama anaulizia mguu wake mwenyewe. Akaunyoosha, akausugua. Mama akatikisa kichwa, akanyoosha kidole barabarani. Mguu. Kisha akageukia ukuta.

Yaani anadhani nimepona! Anadhani nimepata mguu na sasa nazunguka na basi na tai, napita mlangoni kwake mara nyingi kwa siku, nikicheka, wala sishuki!

Nikamwambia Wariara mweleze. Amemweleza, haamini. Nikamwambia Kibii, nipige picha ya kigutu nitume! Akanipiga, tukatuma. Wangu aliiangalia akaifunika na kiganja. Picha ndiyo imemwumiza, sasa hataki picha yoyote. Na nani atamlaumu? Kama picha inaweza kuongeza mguu, itashindwa kuupunguza?

Leo hajala mkononi mwa Wariara.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda ofisi ya Korongo, mjini. Ngazi! Ofisi ya basi lenye ulimi iko ghorofa ya kwanza na ngazi tupu. Kibii alipanda kumwita Sue, akashuka naye, tukaongelea kwenye duka la simu la chini. Mwenye duka alitupa meza ili asikie vizuri.

Nikauliza mguu umetoka wapi. Sue akashika kifua. Mzee, nisamehe, watu wakiona mguu haupo wanashtuka. Tulitaka picha ya furaha. Kompyuta ilijaza tu. Ilijaza! Kama shimo la barabarani. Nikamwambia basi mngejaza na meno.

Hakucheka sana. Nikamwambia habari ya Wangu. Hapo alikaa chini. Akasema picha haiwezi kutoka sasa, iko kwa mkataba mpaka Desemba. Kwa hivyo mguu wangu una kazi ya mkataba na mimi sina. Lakini konda atapewa maagizo: nafasi ni yangu, magunia yatoke.

Hapo ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimepata moto, na mwenye duka ananitazama, na Kibii anasema endelea. Nikapiga meza. Nikasema na tena, mtu si kochi! Mimi nimebebwa mji huu kama fanicha, kichwa changu kimeinamishwa na watu nisiowajua! Sue akaandika kwenye simu yake haraka haraka. Akasema mzee una haki kabisa. Mambo hayo yatakwisha leo.

Nilirudi nyumbani nimenyooka kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumatano, 17 Septemba

Wangu ametema uji. Yule msichana wa kumfundisha kuongea alikuja, akaongea na mgongo wake, akaenda.

Kesho naenda. Hata nikifungwa katikati ya magunia.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika ndani ya basi. Herufi zinaruka, potelea mbali.

Nimepanda! Kipngetich alinisubiri leo bila miwani, guka hapa, guka pale. Magunia yametolewa. Karibu yote. Moja alilisahau karibu na mlango, na alipoukunja ulimi ukafungia pembe ya gunia. Kraa! Pumba zikamwagika. Akasema haina shida. Kibii akabaki steji akinipungia mkono wakati basi imeshageuka, anampungia yule wa picha.

Nafasi yangu iko upande usio na mlango. Kioo kirefu, naona mpaka matairi ya wengine. Mjini tumepita, mashamba ya ngano yakaanza, nikajua tumekaribia. Nyumba ya Wariara ikatokea — lakini ng'ambo! Upande wa mlango, upande wa picha. Nikajinyoosha juu ya vichwa vya watu. Nimeliona dirisha, pazia la kijani. Nimeona kitambaa cha kichwa. Nikapiga kelele, Wangu! Abiria wote wakanigeukia. Yeye alikuwa anaangalia ubavu wa basi. Akaangalia, akageuza uso.

Njoro. Watu wameshuka. Kipngetich akabonyeza. Ulimi ukalia, ukatoka kidogo kama wa mtoto anayekataa dawa, ukasimama. Akabonyeza tena. Akavuta. Akapiga teke. Dere akashuka naye akapiga teke. Hakuna. Umepinda pale ulipofungia gunia.

Nikasema sawa, nibebeni.

"Hapana, guka."

"Mimi mwenyewe nimekubali. Kwapani hapa, mguu pale. Nitainamisha kichwa."

"Guka, tutafutwa kazi. Kuna amri mpya tangu juzi. Ndani ya basi ya Korongo hakuna mtu kubebwa. Ni ulimi tu. Hata akikubali. Na kamera ndio ile." Akanionyesha kijicho chekundu juu ya mlango.

"Amri ya mjinga gani hiyo?"

"Ati kuna mzee alienda ofisini akapiga meza."

Ngai!

Nimempigia Wariara. Hawezi kumwacha mama yake peke yake, na Kemboi yuko Naivasha, maji ya ziwa yameingia kwa ndugu yake kule Kihoto, anasaidia kuhamisha vitu. Kipngetich anasema fundi wa ulimi yuko Section 58 tu. Itabidi nirudi nao. Nimetoka nyumbani mpaka Njoro na sitakanyaga Njoro.

Abiria wa kurudi wameanza kupanda. Mmoja ananiuliza guka unashuka wapi. Nimemwambia sishuki, mimi ni wa gari hili, angalia nje.

Lakini ngoja. Ngoja kwanza. Tukirudi, nyumba itakuwa upande huu. Upande wangu! Upande ambao hauna picha, una mimi tu na kioo. Nimemwambia Wariara fungua pazia lote. Mgeuze kiti. Hata akikataa, mgeuze.

Kipngetich anasema hapo si steji, hawaruhusiwi kusimama, dere ataitwa ofisini. Injini imewaka. Anakuja huku anahesabu viti. Akifika kwangu nitamwambia hivi, polepole, bila kupiga meza:

Kipngetich, mtoto wangu, mwambie dere. Mlichukua uso wangu mkanipa mguu ambao sikuomba. Uso sidai. Mguu bakini nao. Mimi nadai kitu kidogo. Pale kwenye pazia la kijani, simama tu. Mlango usifungue. Nitapandisha suruali niweke kigutu kwenye kioo akione. Anitukane kidogo, halafu twende.